Mwalimu Aliyemchukia Mfalme

Mwalimu wetu wa Historia alimchukia mfalme mmoja wa Uingereza kuliko alivyomchukia mtu yeyote aliye hai. Mfalme huyo alikuwa amekufa zamani, amezikwa mbali, na hakuwahi kumkosea Mwalimu wala ndugu yake yeyote. Lakini ukimtaja tu, Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema, "Mtu yule aliharibikiwa kwa sababu hakuuliza," kisha akaivaa tena na kututazama mmoja mmoja, kana kwamba mpwa wa mfalme amejificha kati ya madawati.

Watu wengi wa mwalo wetu, ufuko wa ziwa wanaposhukia wavuvi, nje kidogo ya mji wa Mwanza, wanamkumbuka kwa tai yake na kwa chai yake. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Ni yeye aliyemkosesha mama yangu rafiki yake kwa miaka mitano. Kwa hiyo nikimcheka hapa, msidhani nimemsamehe yote.

Somo alilolipenda lilikuwa ugomvi wa walowezi wa Marekani na mfalme wao. Alitueleza kwamba walowezi wale walikuwa raia wa Uingereza waliovuka bahari kutafuta ardhi, na wakakaa huko vizuri tu mpaka mfalme alipoanza kuwatungia kodi bila kuwauliza. Kila karatasi, iwe ya mkataba au gazeti, ilibidi ipigwe muhuri wa serikali, na muhuri ulilipiwa. Walowezi hawakuwa na mtu wao hata mmoja bungeni. Wakagoma. Waliacha kununua vitu vya Waingereza, wakawatenga waliouza, na mwisho wakamwaga chai ya watu baharini pale Boston. Akifika kwenye chai, Mwalimu alipanda juu ya meza, akainua ndoo ya takataka ya darasa na kuigeuza dirishani. Aliyekuwa na zamu ya kufagia siku hiyo alijua kwamba uhuru una gharama.

Siku moja nilinyoosha mkono nikamwuliza, wakati walowezi wanagombana na mfalme, wenyeji wa nchi ile walikuwa wapi. Alinitazama kwa huruma.

"Binti, hilo halimo kwenye mtihani."

Nikakaa. Vita vyenyewe havikuwemo kwenye mtihani. Havikuwemo hata kwenye muhtasari wa kidato cha tatu. Mwalimu alivipenyeza tu kati ya mada nyingine kwa sababu alivipenda, na kila mwaka vilichukua wiki nyingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Alikuwa mtu wa chai. Asiyewahi kumwona akinywa hawezi kuelewa uchungu uliokuwa usoni mwake alipokuwa akiimwaga ile ya Boston. Alikunywa mara nne kwa siku, yenye mchaichai na sukari ya kusimamisha kijiko, na alipikiwa na mke wake, mwanamke wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama Mwalimu. Mama huyu alikuwa na kicheko kilichofika ukiwa bado hujaona aliko. Alianika dagaa mwaloni pamoja na wanawake wengine, kipande chake cha mchanga kikiwa ubavuni mwa kile cha mama yangu, na wawili hao waliongea kuanzia mitumbwi ya taa za karabai inapotia nanga asubuhi mpaka dagaa wanapokauka. Sijui walikuwa wanaongea nini. Nadhani hata wao hawakujua.

Mwalimu alimwita mkewe "wananchi." Akirudi nyumbani aliuliza, "Wananchi hawajambo?" naye alijibu kwamba wananchi wana njaa. Ulikuwa utani mzuri mpaka mwaka ule Mwalimu alipouza ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alinunuliwa na Mama Mwalimu kwa jasho la dagaa wake, na aliposikia, ng'ombe alikuwa tayari yuko njiani kwenda mnadani.

"Uliniuliza?" akamwambia.

"Nilikuwakilisha," Mwalimu akajibu.

Mama Mwalimu alitusimulia haya mwaloni akicheka, na mama naye akacheka, lakini njiani kurudi nyumbani mama aliniambia kwamba yule bwana anafundisha mambo asiyoyasikia. Nilidhani anatania.

Sisi wanafunzi tulikuwa wa mwisho kuligundua hilo. Maharage ya shule yalipozidi wadudu, tulikumbuka kwamba walowezi, kabla ya kugoma, walimwandikia mfalme barua za heshima wakieleza malalamiko yao. Tukaandika yetu, tukampa Mwalimu. Tulizipanga hoja kwa namba za Kirumi kama yeye alivyotufundisha na tukasaini wote. Mwalimu aliisoma barua mbele ya darasa, akasifu mpangilio, akasema hoja ya tatu haina ushahidi wa kutosha, kisha akatupa adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima, waliosaini wote.

"Walowezi nao waliadhibiwa," akatueleza, wala hakuwa anatania.

Mara moja alitupeleka Bujora kuona makumbusho ya Wasukuma. Mbele ya viti vya watemi, wafalme wa Kisukuma wa zamani, alitoa hotuba ndefu kuhusu ubaya wa kutawaliwa na mtu mmoja, na mwenyeji aliyekuwa akituongoza ikabidi asubiri na funguo zake mkononi. Tulipokuwa tunatoka nilimwona Mwalimu amebaki nyuma. Alikuwa anamwuliza mwenyeji, kwa sauti ya chini, mtu alifanyaje hasa mpaka akawa mtemi.

Miaka ile biashara ilifunguliwa kwa wageni na mwalo wetu ukageuka. Zamani dagaa walinunuliwa na watu tuliowafahamu kwa majina ya watoto wao. Sasa yalikuja malori kutoka Kenya na kutoka upande wa Kongo, wanunuzi wenye simu kubwa na haraka kubwa, na mchanga ambao hakuna aliyewahi kuufikiria ukawa mali. Ikaonekana inafaa kuwe na kamati ya mwalo. Kamati ilihitaji mwenyekiti anayejua kuandika, na Mwalimu, ambaye mshahara wake ulikuwa umebaki vilevile wakati kila kitu kimepanda, alijua kuandika kuliko wote.

Mkutano wa kumchagua ulifanyika asubuhi, saa ya kupokea mitumbwi. Wanawake wote walikuwa wameinama mchangani wakitandaza dagaa. Waliokuja mkutanoni ni wanaume waliokuwa na nafasi asubuhi, na mnawajua wanaume wenye nafasi asubuhi. Wakampigia makofi.

Jambo lake la kwanza lilikuwa kutengeneza kadi. Kila mwanamke anayeanika dagaa alitakiwa awe na kadi ya kipande chake cha mchanga, na kadi ilitakiwa ipigwe muhuri upya kila giza, yaani kila msimu wa usiku usio na mbalamwezi, ambao ndio wa kuvua dagaa. Muhuri ulilipiwa. Asiye na muhuri, mchanga wake anapewa mwingine. Mama alirudi nyumbani na kadi hiyo akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa na muhuri wa zambarau, mviringo mzuri, na sahihi ya Mwalimu ikipita katikati.

Nilikuwa kidato cha tatu. Wiki ileile nilikuwa nimenakili kutoka ubaoni, kwa mwandiko wangu bora, sura nzima ya karatasi za muhuri.

Kesho yake nilinyoosha mkono. Nilimwuliza kama kadi ya mama si ileile karatasi ya muhuri. Wenzangu wakainua vichwa, maana robo yetu mama zetu walikuwa na kadi. Mwalimu alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ile ilikuwa tofauti," akasema. "Mfalme alikuwa ng'ambo ya bahari. Mimi nakaa hapahapa, mnaniona kila siku."

Mke wake alipewa kadi namba moja, bila malipo. Aliifunikia kopo la sukari.

Wanawake hawakupiga kelele. Hawakuandika barua, hawakumwaga kitu chochote ziwani. Walikwenda kwa wazee wa sungusungu, walinzi wa jadi wanaoamua kesi za kijiji, wakakaa nao chini mchana mmoja, na waliporudi Mwalimu alikuwa ametengwa. Kwetu Usukumani mtu akitengwa haguswi wala hatukanwi. Hasalimiwi tu. Hapewi moto, hapigiwi hodi, shughuli yake haiendwi na ya wenzake haendi. Na dawa yake inajulikana na kila mtoto: mkosaji anakuja mbele ya watu na mbuzi, anasema nimekosa, basi. Watu wanamla mbuzi na maisha yanaendelea.

Asubuhi ya kwanza alipita mwaloni kama kawaida, tai imenyooka.

"Habari za asubuhi, akina mama."

Mwalo mzima ulikuwa unatazama dagaa. Akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti. Kisha akajaribu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa lafudhi ambayo siku nyingine ingewavunja mbavu. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nadhani alielewa.

Kinyozi alianza kuwa na wateja wengi kila alipofika Mwalimu. Mwenye mashine ya kusaga aliacha debe lake mpaka watu wote waishe, na watu walipoisha mashine ikaharibika. Kiberiti Mwalimu alikifuata mpaka barabara kuu. Sisi wanafunzi tulikuwa na tatizo letu, kwa sababu darasani ilikuwa lazima tusimame na kumwamkia. Nilimwuliza mama. Alifikiri, akaamua kwamba tunamwamkia kwa Kiingereza, na Kiingereza si salamu.

Lakini kutengwa ni kwa nyumba nzima, maana moto wa nyumba ni mmoja. Mama alirudi kwa wazee kuomba Mama Mwalimu aachwe. Alieleza habari ya kopo la sukari. Wazee walimsikitikia na wakakataa. Tangu siku hiyo Mama Mwalimu alipofika kuteka maji, wanawake walimpisha, akateka, akaondoka, na hakuna aliyefungua mdomo. Dagaa wake alianika palepale ubavuni mwa mama, wote wawili wameinama, mikono inafanya kazi ileile, kimya. Mama alirudi nyumbani siku ile akakaa na chakula mbele yake hakukigusa. Nilimchukia Mwalimu siku hiyo, na sikuhitaji namba za Kirumi kueleza sababu.

Kisha, baada ya magiza matatu, Mwalimu alirudi nyuma. Alibandika tangazo kwenye mti unaotundikwa mizani ya dagaa. Mama alinituma nikalisome. Lilisema kadi zimesitishwa kuanzia leo, ila kamati inabaki na mamlaka kamili ya kuzirudisha wakati wowote itakapoona inafaa.

"Kwa hiyo amekubali kosa?" mama akaniuliza.

"Hapana. Amekubali kuchoka."

Usiku nilifungua daftari langu la Historia. Yote yalikuwa pale, kwa maneno yake mwenyewe aliyotusomea tuandike: mfalme na bunge lake waliifuta sheria ya muhuri, na papo hapo wakatangaza kwamba wanabaki na mamlaka ya kuwatungia walowezi sheria yoyote. Chini yake, kwa amri ya Mwalimu, tulikuwa tumepigia mstari: huu ulikuwa upumbavu mkubwa. Nilisoma mara mbili. Mtu huyu alikuwa na ramani ya shimo, aliichora mwenyewe ubaoni kila mwaka, na bado alitumbukia kwa kufuata mchoro.

Hakupeleka mbuzi. Alimwambia kila aliyekuwa bado anazungumza naye, yaani walimu wenzake wa kutoka mbali, kwamba kadi ameziondoa, sasa wanataka nini tena. Mbuzi hakumshinda. Neno ndilo lililomshinda.

Mwaka uliofuata niliazima daftari la mwanafunzi wa kidato cha nyuma yetu ili nilinganishe tarehe. Nikadhani nimekosea kitabu. Ugomvi wa Marekani ulikuwepo, mrefu zaidi kuliko wetu, lakini mfalme alikuwa amekuwa mtu mwema. Aliwalinda walowezi kwa gharama kubwa nao hawakushukuru. Walikuwa wakaidi, walipitisha magendo, waliharibu chai ya watu. Kulikuwa na ukurasa mzima wenye kichwa "Upweke wa Mfalme." Sijui watoto wale waliutumia wapi ukurasa ule maishani. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikaacha, kwa sababu ukurasa wenyewe haukuandikwa vibaya.

Mwaka huohuo Mama Mwalimu aliondoka. Alimwambia mumewe kwamba anakwenda kwao Nansio, anakosalimiwa. Mama alipata habari, akavaa khanga yake nzuri, tukaenda bandarini mjini. Hakuwa na ruhusa ya kuongea naye na hakuongea. Walisimama kwenye foleni ya meli, wametengana hatua tatu, kila mmoja anatazama ziwa. Foleni iliposogea, mama aliweka kifurushi cha dagaa juu ya begi la mwenzake, akageuka, tukaondoka. Kilio alikilia kwenye choo cha stendi ili nisimwone.

Mwalimu alistaafu akiwa bado ametengwa. Alijipikia chai mwenyewe, na wanafunzi waliopita karibu na nyumba yake walisema inanuka moshi.

Nilikutana naye kwenye meli ya Nansio, miaka mitano tangu siku ya "Mwangaluka." Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, naenda kuripoti shule niliyopangiwa Ukerewe. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amevaa tai, na kwenye mguu wa benchi amefunga mbuzi dume aliyekuwa anatafuna gunia la abiria mwingine. Nilisimama nikifikiri. Katikati ya ziwa, nikajiambia, si mwaloni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aligeuka nyuma kuangalia nani anaamkiwa. Alipoona hakuna mtu, alivua miwani.

"Marahaba," akasema, polepole sana. "Marahaba, binti."

Nilimwuliza mbuzi ni wa nini. Akasema anampelekea mkewe, anakwenda kuomba radhi, si ndiyo desturi yetu.

"Ya kwetu ndiyo," nikamwambia. "Ukerewe ukifika na mbuzi watadhani umekuja kuoa tena."

Hilo hakuwa amelifikiria. Akasema basi ataanza na maelezo, halafu ndio mbuzi. Akatoa mfukoni karatasi tatu zilizojaa pande zote mbili akanipa nisome. Ilikuwa kazi safi. Ilieleza mazingira ya uchumi wa wakati ule, namna kamati ilivyoundwa, ugumu wa kupata karatasi za kadi, na hali ya mshahara wa walimu. Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia ukurasa wa pili.

"Mwalimu, sijaona uliposema umekosa."

"Linaeleweka kutokana na hoja."

"Halieleweki."

Alizikunja karatasi akazirudisha mfukoni. Nilimwonea huruma, na nikajikasirikia kwa kumwonea huruma.

Mama Mwalimu alikuwa gatini, na beseni la machungwa kichwani, anawauzia abiria. Aliniona mimi kwanza. Alitua beseni.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Ananitaja?"

"Hakutaji," nikamwambia kweli. "Lakini kipande chako cha mchanga hajaruhusu mtu aanike. Kila giza anakifagia."

Aliufuta uso wake kwa khanga. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa anashuka ngazi akivutana na mbuzi, na karatasi zimeshakuwa mkononi.

"Umekosa au hukukosa?"

"Suala hili, ukilitazama kwa upana wake..."

"Sikukuuliza upana."

Mwalimu alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akamtazama hata mbuzi. Abiria walikuwa wanatusukuma wapite.

"Nimekosa," akasema. "Ila..."

"Ishia hapohapo." Akachukua kamba ya mbuzi mkononi mwake. "Huyu si wangu. Mimi hukunilipisha muhuri. Huyu ni wa wale wanawake. Kesho tunarudi naye, na hilo neno utalisema mbele yao, na mimi nitakuwa nyuma yako nasikiliza."

Nami niliripoti shuleni, nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikasema nyumbani kuna msiba. Nilidanganya, lakini kazi nisingeianza nikiwa nimekosa kuona lile.

Tulifika mwaloni mchana, wanawake wakizoa dagaa waliokauka. Kazi ilisimama. Mwalimu alikwenda mpaka katikati ya mchanga, akaweka tai sawa, na mke wake akasimama nyuma yake na mbuzi kama alivyoahidi. Safari hii mwalo mzima ulikuwa unamtazama yeye.

"Nimekosa," akasema.

Alilisema vizuri, kwa sauti ya darasani, mpaka wa mwisho kabisa akasikia. Kisha akavuta pumzi, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kueleza hali ya uchumi wa wakati ule. Mama alikuwa ameshaweka ungo chini. Alimpita Mwalimu na karatasi zake, akampita mbuzi, akasimama mbele ya rafiki yake.

"Umechelewa," mama akamwambia.

"Nilikuwa namsubiri huyu ajue kusema."